Taa Iliyomgonga Mzee Opili

Amoit mwanangu,

Shangazi zako wamekupeleka kwa nyanya yako kukusuka, na kwa mara ya kwanza wiki hii nyumba imenyamaza. Masufuria yamepinduliwa jikoni yakauke. Nimeketi mezani, tena mahali pako, si pangu, nikitaka kuona ulichokuwa ukikiona miaka yote hii ukiketi hapa. Naona pazia la jikoni, kalenda ya kanisa, na kiti cha baba yako ambacho mguu wake mmoja ni mfupi. Juu ya meza inaning'inia taa yetu ya kijani. Mwanga wake umeangukia karatasi hii vizuri sana, wala sihitaji miwani.

Sitakuandikia habari za sufuria. Shangazi zako wamekwambia saa ya kuamka, namna ya kumwamkia mama mkwe, na sahani gani haipelekwi kwa mgeni. Shangazi yako mkubwa amekufundisha hata kukohoa kabla ya kuingia boma la watu. Mimi niliyekuzaa sikuachiwa hata neno. Nilipofungua mdomo jana kuhusu unga wa wimbi, niliambiwa hayo yameshasemwa. Basi nikafunga.

Limebaki la taa, ambalo wao hawalijui lote.

Umeniuliza mara nyingi siku ile wageni walipokuja kukuposa kulitokea nini. Wewe ulikuwa umefichwa nyumbani kwa nyanya yako, hapo ng'ambo ya ua, kama desturi inavyotaka, ukasikia kishindo na watu kunyamaza ghafla. Baba yako alikwambia kiti kilianguka. Shangazi yako akakwambia mzee mmoja alipatwa na kizunguzungu. Nyanya akasema ni mambo ya watu wazima. Wote walikuwa wananifichia mimi aibu, na nawashukuru, lakini kesho baada ya kanisa unaondoka na watu wale wale, utaishi Kakamega katika nyumba ambayo bado haijafungwa taa, na naona ni haki yako kujua.

Nianzie mbali kidogo. Unajua nilivyo: nikitaka kitu nimekitaka. Mwaka tulioingiziwa stima hapa Adungosi, wewe ulikuwa bado unanyonya kidole kwa siri. Siku hizo nilikuwa nikienda Busia kila wiki kuchukua vitenge upande wa Uganda. Nikamkuta mama mmoja muuzaji ameitundika taa hii mbele ya kibanda chake, na kofia yake ya bati la kijani iking'aa kama imepakwa mafuta. Nikauliza inawekwa wapi. Akaniambia, "Nyabo, hii si ya kubandika kwa dari. Hii unaishusha chini, juu ya meza, watu waonane." Neno hilo likaniingia. Nikaibeba mapajani hadi nyumbani na kuwakatalia wote waliotaka kuniwekea kwenye buti.

Baba yako akaifunga. Ulivyomjua siku zote ndivyo alivyokuwa tangu ujana: mrefu, mpole, na asiyebishana. Alipitisha waya kwenye ndoano ya boriti, akaufupisha kwa kitanzi, taa ikakaa juu karibu na dari. Akashuka kwenye stuli, akapangusa mikono, akasema, "Sasa nyumba nzima inaona." Nikasema asante. Alipokwenda kazini kesho yake, nikazima swichi, nikapanda juu ya meza, nikakifungua kitanzi, nikaishusha taa hadi pale nilipotaka.

Jioni akaingia, akaigonga kwa paji la uso. Hakusema kitu. Jumamosi nikaenda soko, nikarudi nikaikuta juu.

Mwanangu, mambo hayo yaliendelea miaka. Akiondoka naishusha, nikiondoka anaipandisha. Wewe mwenyewe ulikuwa ukija kutoka shule unatazama juu kwanza kabla ya kuweka mkoba, kama mtu anayetazama kama mvua itanyesha. Ulidhani ni taa inayopanda na kushuka yenyewe. Uliwahi kumwambia mwalimu wako hivyo, naye akaniuliza, nikamwambia watoto wana maneno. Hatukugombana hata siku moja juu ya taa ile. Tulisalimiana, tukala, tukaombeana usiku mwema, na waya ukafanya kazi ya kusema. Watu wa hapa walitusifu kwamba nyumba yetu haina kelele. Mimi nilikuwa nikisifiwa hivyo nainamisha macho, na moyoni najua kesho ni zamu yangu kupanda meza.

Mwaka mmoja baba yako akachoka, akaukata waya. Aliukata kweli, kwa koleo, akaunganisha taa juu kabisa, ikanata kwenye dari kama popo. Nadhani alifikiri sasa yamekwisha. Mimi sikusema neno. Nilianza tu kupika mapema, tukala kabla ya giza, kila siku, taa isiwashwe kabisa. Fikiria mtu anayetoka Malaba kubadilisha matairi ya malori, amechoka, anafika anakuta chakula kimepoa tangu saa kumi. Alivumilia. Kisha siku moja akaja na kipande cha waya mpya mfukoni, akauunga na ule wa zamani, akazungushia tepu nyeusi. Ile tepu unayoiona hadi leo, uliyokuwa ukiniuliza ni kidonda gani, ndiyo hiyo. Taa ikaweza tena kushuka, na sisi tukaweza tena kuendelea na ujinga wetu.

Nakuandikia haya nikicheka peke yangu. Ila siku zile sikuwa nikicheka.

Sasa siku ya wageni. Baba yako, kwa heshima ya wakwe, aliipandisha taa siku iliyotangulia. Sikumlaumu. Asubuhi yake meza ikatolewa nje, stuli fupi zikapangwa duara, na katikati pakawekwa mtungi wa nyanya yako wa ajon, pombe ya wimbi iliyoiva vizuri, maji ya moto tayari, mirija mirefu imeegeshwa ukutani. Nikaketi kwenye stuli moja nijaribu mahali pa mgeni. Nikawasha taa kama itakavyowashwa kwa wageni, nikainua macho, balbu ikanichoma. Nikasema, wazee wa watu watakunywa wamekunja nyuso, watadhani tunawahoji. Nikapanda stuli, nikaishusha taa mpaka ikakaa juu ya mtungi. Nikazunguka stuli zote nikiketi moja moja. Kila mahali nilipoketi niliuona mtungi na kiti cha mbele yangu, na balbu sikuiona. Nilijisifu sana, Amoit. Nikaenda jikoni nikiimba.

Sikumwambia baba yako, naye alikuwa nje akipokea wageni, na alipoingia aliingia mwisho akaketi karibu na mlango. Na mimi, mtoto wa mzee wa kanisa kutoka Nambale, niliyekua nikiona kila kikao cha ukoo kikifunguliwa vile vile, nilipima taa kwa watu walioketi na kusahau kwamba hakuna mkutano hapa kwetu, hata wa ajon, unaoanza kabla watu hawajasimama kuomba.

Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Unajua mama wa msichana siku ile haonekani wala hasikiki, na mkwe mtarajiwa hamtazami usoni. Nilisikia wakisalimiana, "Yoga, yoga," wakiketi, wakisifu nyumba. Kisha mzee wa upande wetu akasema, "Haya, tusimame tuombe." Mzee Opili, mjomba wa mume wako na msemaji wao, ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote, na kwa kuwa ni mtu wa ibada, ndiye aliyesimama wa kwanza, tena kwa nguvu, kichwa mbele juu ya mtungi.

Kishindo ulikisikia. Mimi nilisikia na mlio wa bati, kisha kupitia kitambaa cha pazia nikaona mwanga ukibembea, vivuli vya watu vikienda huku na huku, halafu kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya chetu cha miaka yote hiyo kilitafuta mahali pa kupasukia, kikachagua kichwa cha mzee Opili.

Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, hapa tumechapwa kabla hata hatujasema." Wengine hawakucheka. Nikasikia mwingine, mama mtu mzima, akisema nyumba ikimkataa mgeni huwa inaonyesha. Moyoni nilikuona wewe huko kwa nyanya, umevaa gauni la njano, ukingojea kuitwa. Nilijua unavyompenda kijana yule. Nilijua pia kuna watu ambao wangeinuka kwa jambo dogo kuliko lile wakaenda zao, na heshima ikawakataza kurudi. Nilijiambia, Mama Amoit, umemwachisha mtoto wako mume kwa sababu ya balbu.

Kisha mzee Opili akauliza, "Kwani hii kitu nani aliweka hapa?"

Baba yako akasimama. "Ni mimi, mzee," akasema. "Makosa ni yangu."

Alijua siyo yeye. Alikuwa ameiacha juu. Alisimama mbele ya wakwe zake, siku ambayo mwanaume angependa kuonekana ana akili, akabeba kosa langu bila hata kutazama upande wa pazia. Nami sijui nini kilinipata. Sikunyamaza miaka yote ile ili nianze kusema siku ya posa ya mwanangu. Lakini nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka nyuma ya pazia: "Si yeye, mzee. Ni mimi. Yeye alikuwa ameiweka juu."

Mama wa msichana amesema.

"Huyo ni nani anaongea huko?" mzee Opili akauliza.

"Ni mama ya msichana," baba yako akajibu, kwa sauti ya mtu anayeona nyumba yake ikizama.

"Na nyinyi wawili mnapigania hii makosa?"

Nilikuwa nimeng'ang'ania pazia hata likakatika pete mbili. Ndipo nikasikia kitu kama kikohozi, kikawa kicheko, na alikuwa ni mzee Opili mwenyewe, amejishika kichwa. "Basi mmoja aniletee maji baridi," akasema, "na huyo mwingine ainue hii kitu juu, tuombe Mungu kabla hajatugonga wengine."

Watu wakacheka hadi stuli zikalia. Baba yako akainua stuli yake aende kupandia, lakini watu walikuwa wamejaa mbele yake. Ndipo mkwe wangu, ambaye jina lake siliandiki kwa heshima, akanyoosha mkono, akaishika taa kwa kofia yake, akaiinua juu ya vichwa vya wazee. "Tuombe tu," akasema. "Nimeshika."

Wakaomba. Na unamjua mzee wa upande wetu akianza kuomba. Aliombea mvua, akaombea wagonjwa walio hospitali ya Kocholia, akaombea madereva walio kwenye foleni ya malori, akaombea walimu, akarudi tena kwenye mvua. Nilichungulia, Mungu anisamehe, kupitia pale pete zilipokatika. Wote wamefumba macho, na yule kijana amesimama katikati na mkono juu. Alibadilisha mkono mara moja, polepole, taa isitikisike. Hapo ndipo nilipokutoa kwake moyoni, mwanangu. Ng'ombe walikuja baadaye, na mazungumzo yote ya wanaume yalikuwa yao.

Baada ya amina, mzee Opili alifungwa kitambaa chenye maji kichwani, akapewa mrija wa kwanza. Akavuta, akameza, akafungua mazungumzo hivi: "Tumekuja kutafuta msichana. Na kama amechukua mdomo ya mama yake, mtuambie mapema." Unaona sasa kwa nini anakuita "mdomo" kila akikuona. Si tusi. Ni mimi anayenitaja kupitia kwako.

Wageni walipokwenda zao, baba yako na mimi tulibaki na mtungi mtupu na stuli zilizotawanyika. Jua lilikuwa bado halijazama. Akaketi kwenye stuli fupi, magoti yamefika kifuani, akanitazama.

"Mama Amoit, si ungeniambia umeishusha?"

"Na wewe ukipandisha huwa unaniambia?"

Akafikiri. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka hata akatelezea sakafuni akakaa hapo hapo. Alipopata pumzi nikamuuliza jambo ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini anaipenda juu.

Akasema, "Siku mzima niko chini ya malori. Chuma iko juu ya kichwa yangu, juu ya mgongo. Nikifika nyumbani nataka nisimame tu, kusikuwe na kitu juu yangu."

Miaka yote hiyo, Amoit, nilidhani ni ubishi. Nilidhani ni mwanaume anayetaka aonekane ameshinda. Kumbe alikuwa anataka kunyoosha mgongo.

Akaniuliza na mimi. Nikamwambia kwetu Nambale tulikuwa na koroboi moja, ikiwekwa katikati, na sisi sote tukisogea karibu ndipo tuone chakula, basi nilikua nikijua watu wangu kwa nyuso zao zikiwa karibu na moto. Nilipoolewa huku sikuwa najua hata neno moja la Kiteso. Nikiketi naye mezani na taa ikiwa juu, aliinamia sahani, uso ukawa na kivuli, nisijue kama amefurahi au amekasirika. "Nilikuwa nataka kukuona uso," nikamwambia.

Baba yako akasimama kutoka sakafuni, akaileta meza ndani peke yake, akaiweka chini ya taa, akaketi kwenye kiti chake. "Sasa niambie," akasema. "Unaniona?" Nikaketi mbele yake. Nikasema pandisha kidogo. Akapandisha kidogo. Tukaipata, mwanangu, kazi ya dakika chache, kazi ambayo ilitushinda tangu unanyonya kidole.

Kwa hiyo hili ndilo langu, na shangazi zako wasinione nimeingilia somo lao. Ndani ya sanduku lako la bati, chini ya vile vitenge vya kijani, nimekuwekea taa. Kofia yake ni nyekundu, maana ya kijani sikuipata tena, na yule mama wa Busia ameshahama kibanda. Waya wake ni mrefu sana, nimeuzungusha ukazidi kiganja. Fundi wa Kakamega akija kuifunga, atautazama waya huo atake kuukata ili ubaki nadhifu. Mkatalie. Aufunge kitanzi juu, ziada ikae hapo, hata kama wageni wataiona. Watu hubadilika urefu wa mambo wanayoyataka, watoto huja, meza huhamishwa, na waya uliokatwa hauongezeki bila kidonda. Mimi nina tepu nyeusi kwenye wangu.

Na siku ya kuipima usiipime peke yako mwenzako akiwa kazini, hata ukiwa na hakika. Hasa ukiwa na hakika. Ketini wote wawili, mmoja huku na mmoja kule. Ukiona balbu, iko juu mno. Ukikosa kuuona uso wake, iko chini mno. Halafu simameni wote wawili, maana mtakuwa mnaomba. Vikombe vikikaa kabati moja vitagongana, hilo huwezi kulizuia, na sikutakii nyumba isiyo na kelele. Nimeishi katika nyumba hiyo. Nakutakia nyumba ambayo mtu akiwa na jambo analisema kabla halijampiga mgeni.

Nina furaha, Amoit. Nimejaribu wiki nzima kuonekana mama anayemlilia binti yake, kwa kuwa majirani wanategemea, lakini machozi yakija yanakuta ninatabasamu. Unakwenda na mtu aliyeshika taa juu ya vichwa vya watu bila kuombwa. Mimi wa kwangu ilinibidi nisubiri hadi posa ya mtoto ndipo nijue alikuwa ananishikia kitu gani miaka yote.

Baba yako ameingia sasa hivi kutoka kwa nyanya yako. Anasema umependeza, anasema shangazi zako wanapiga kelele, anasema ana njaa. Ametazama viti. Kesho jioni tutakuwa wawili tu hapa. Sasa amevuta stuli, amezima swichi, naandika kwa mwanga wa mlangoni. Amepanda, ameushika waya, ananiuliza kama tuishushe kidogo sasa kwa kuwa tunabaki sisi. Nimemwambia ndiyo, kidogo. Ananiuliza, na wao wakija? Mkwe wetu ni mrefu.

Kwa hiyo sikiliza. Mtakapokuja kututembelea, ukifika Nambale njiani unipigie simu, tuinue taa.

Mama yako